Kitu Kimoja, Sura Tatu: Mwongozo wa Projeksheni ya Othografia

Mchoro wa kihandisi ni agizo. Anayeupokea ni mkereza vyuma, mchomeleaji au seremala ambaye huenda hamtaonana maishani. Atasimama mbele ya mashine yake, iwe Gerezani jijini Dar es Salaam au Kamukunji jijini Nairobi, na atakata kile ambacho karatasi imesema, si kile ulichokuwa nacho kichwani. Ukimpa picha ya kitu, hata iwe nzuri namna gani, hujampa agizo. Katika picha sehemu iliyo mbali hupungua, pembe mraba hulegea, na duara huwa umbo la yai. Hakuna mahali pa kuweka rula.

Projeksheni ya othografia hukiondoa kitu katika hali hiyo ya picha na kukiweka katika hali ya vipimo. Unakitazama kitu kana kwamba mistari yote ya macho yako ni sambamba, na kila mstari unalipiga bapa la kuchorea kwa nyuzi 90. Uso wowote uliolala sambamba na bapa hilo hutokea kwa umbo lake halisi na ukubwa wake halisi. Hiyo ndiyo faida. Gharama yake ni kwamba kila mwonekano hupoteza kipimo kimoja. Mwonekano wa mbele una urefu na kimo, lakini hauna upana. Plani, yaani mwonekano wa kutoka juu, ina urefu na upana, lakini haina kimo. Mwonekano wa ubavuni una kimo na upana, lakini hauna urefu.

Shika jambo moja hapo kabla hujagusa penseli: kila kipimo hutokea katika mionekano miwili. Urefu uko mbele na kwenye plani, kimo kiko mbele na ubavuni, upana uko kwenye plani na ubavuni. Kwa hiyo mionekano mitatu si michoro mitatu. Ni mchoro mmoja uliogawanywa, na kila kipande ni shahidi wa mwenzake. Mwanafunzi anayechora mwonekano wa mbele mpaka akaumaliza, kisha akaanza plani kama kazi mpya, ameshaipoteza nguvu yote ya mbinu hii.

Aliyeiweka katika kanuni ni Mfaransa Gaspard Monge, katika karne ya 18, alipokuwa katika shule ya wahandisi wa jeshi huko Mézières. Alipewa kazi ya kupanga ngome ili walio ndani wasifikiwe na mizinga ya adui. Wenzake walizoea kuifanya kwa hesabu ndefu. Yeye aliimaliza kwa kuchora. Jeshi likaishika mbinu hiyo kuwa siri, na ni mwaka 1795 tu alipoifundisha hadharani mjini Paris. Nataja historia hii kwa sababu inaonyesha kazi ya mchoro tangu mwanzo wake. Haukubuniwa kupamba karatasi. Ulibuniwa kutatua tatizo la umbo ambalo maneno na hesabu vililichelewesha.

Sasa chagua pembe yako. Mabapa mawili, moja la wima na moja la mlalo, yakipitana hugawa nafasi katika pembe nne. Ya pili na ya nne huachwa, kwa sababu mabapa yakikunjuliwa mionekano huangukiana. Zinabaki ya kwanza na ya tatu. Katika pembe ya kwanza kitu kiko kati ya jicho na bapa, hivyo unachokiona hutupwa upande wa pili: plani hukaa chini ya mwonekano wa mbele, sura ya ubavu wa kulia hukaa kushoto, na sura ya ubavu wa kushoto hukaa kulia. Katika pembe ya tatu bapa liko kati ya jicho na kitu, kama kioo cha dirisha unachochorea juu yake ukikitazama kitu kilicho ng'ambo. Hapo kila sura hukaa upande ulikotazamia: plani juu, kulia kulia, kushoto kushoto.

Ulaya, India na China huchora kwa pembe ya kwanza. Marekani, Kanada na Japani huchora kwa pembe ya tatu. Karakana za Afrika Mashariki hupokea mashine kutoka pande zote hizo, na vitabu vyake vya vipuri huja na desturi za huko zilikotoka. Ukiisoma pembe ya tatu kana kwamba ni ya kwanza, kipande kisicho na ulinganifu hutoka kimegeuzwa: tundu lililotakiwa kulia liko kushoto, na chuma kimekwisha kukatwa. Hakuna kufuta hapo. Ndiyo maana kila mchoro hutakiwa kuwa na alama ndogo ya koni iliyokatwa ncha, ikichorwa kwa sura mbili, ubavu wake na duara zake mbili. Isome hivi: duara zikiwa upande wa mwisho mpana wa koni, ni pembe ya kwanza; zikiwa upande wa mwisho mwembamba, ni pembe ya tatu. Itafute alama hiyo kabla ya kusoma kipimo chochote, na usitoe mchoro wako bila kuiweka.

Tutafanya kazi na breketi moja, kwa pembe ya kwanza. Vipimo vyote ni milimita. Bamba la chini lina urefu wa 100, upana wa 60 na unene wa 20. Kwenye mwisho wake wa kushoto umesimama ukuta wenye unene wa 20, wenye upana uleule wa 60, na kimo cha breketi yote kutoka chini hadi juu ya ukuta ni 70. Bamba lina tundu la wima lililopenya kabisa, kipenyo 20. Kitovu chake kiko 60 kutoka mwisho wa kushoto na 30 kutoka mbele. Mwisho, kona ya juu ya ukuta iliyo upande wa mbele imekatwa mshazari: kutoka kwenye kona hiyo mkato umerudi nyuma 30 na umeshuka 40. Ni kipande kimoja kizima, si mabamba mawili yaliyounganishwa.

Kabla ya kuchora, kichonge. Nunua kipande cha sabuni ya mche, chukua kisu chenye makali, ukate breketi hiyo kwa nusu ya vipimo. Walimu wengi huruka hatua hii kwa kuogopa kupoteza wakati, nami naona hapo ndipo wakati unapopotea kweli, kwa sababu mwanafunzi hubaki anakariri mistari bila kujua inatoka wapi. Ukiwa na sabuni mkononi unaweza kuigeuza, ukafumba jicho moja, ukaona ukingo upi unatokea na upi unajificha.

Swali la kwanza ni upande upi uwe mbele. Chagua upande unaoonyesha umbo bainifu la kitu. Kwa breketi hii ni ule unaoonyesha herufi L. Swali la pili ni ubavu upi wa kuchora. Ukitazama kutoka kushoto, ukuta unaficha bamba zima, na uso wa juu wa bamba utalazimika kuchorwa kwa mstari fiche, yaani ule wa vistari vifupi unaoonyesha ukingo uliojificha. Ukitazama kutoka kulia, ukingo huohuo unaonekana wazi. Chukua kulia. Kanuni ni kuchagua mionekano yenye mistari fiche michache, maana kila mstari fiche ni mzigo kwa msomaji.

Tumia karatasi ya A3, milimita 420 kwa 297, ukiilaza. Ibane kwenye ubao kwa utepe wa gundi, ukihakikisha ukingo wake unafuata rula T. Chora mpaka wa milimita 10 pande zote. Inabaki nafasi ya 400 kwa 277. Tenga 30 chini kwa kisanduku cha maelezo: jina la kipande, skeli, maada, tarehe, jina lako, alama ya pembe. Sasa fanya hesabu ya nafasi. Kwa mlalo unahitaji upana wa 60 wa ubavu, mwanya wa 40, na urefu wa 100 wa mbele, jumla 200. Zinabaki 100 kila upande. Kwa wima unahitaji kimo cha 70, mwanya wa 40 na upana wa 60 wa plani, jumla 170. Katika 247 zilizopo zinabaki kama 38 juu na 38 chini. Mwanya wa 40 si anasa. Humo ndimo vipimo vitakapokaa.

Penseli ya 2H ndiyo ya kuanzia. Chora masanduku matatu kwa mistari hafifu: la mbele 100 kwa 70, la plani 100 kwa 60 chini yake moja kwa moja, la ubavu 60 kwa 70 upande wa kushoto wa lile la mbele. Kingo za plani zishuke kutoka mwonekano wa mbele kwa rula ya pembetatu iliyokaa juu ya rula T, bila kupima tena. Kingo za ubavu zitoke mbele kwa rula T, bila kupima tena. Kila unapopima mara ya pili kitu ulichokwisha kupima, unafungua mlango wa kosa.

Upana hauwezi kuvutwa moja kwa moja kutoka plani hadi ubavu, kwa hiyo unahitaji mstari wa nyuzi 45. Kwa kuwa mianya yako ni sawa, anzia kona ya chini kushoto ya mwonekano wa mbele, ukashuka kuelekea kushoto. Mstari wa mlalo unaotoka kwenye plani ukiufikia mstari huo hugeuka ukapanda hadi ubavuni. Kumbuka kwamba katika plani upande wa mbele wa kitu ndio wa chini. Kwa hiyo ukipita kwenye nyuzi 45, mbele ya kitu hutokea kushoto kabisa mwa sura ya ubavu, mbali na mwonekano wa mbele. Simama hapo ulinganishe na sabuni: itazame kutoka kulia, uone mbele yake iko mkono gani wako. Ni wa kushoto.

Ndani ya masanduku, endelea kwa pamoja. Katika mwonekano wa mbele weka hatua ya L: ukuta wa 20, bamba la 20. Papo hapo shusha mstari wa ukuta hadi kwenye plani, na uvute mstari wa juu ya bamba hadi ubavuni. Tundu lianzie kwenye plani, kwa sababu huko ndiko linakoonekana duara. Weka kwanza mistari miwili ya kitovu inayokatana, 60 kutoka kushoto na 30 kutoka mbele, ndipo uweke bikari yenye nusu kipenyo cha 10. Kisha pandisha kingo za duara hadi mwonekano wa mbele: zitaangukia 50 na 70 kutoka kushoto, zikichorwa kwa mstari fiche kutoka chini hadi kimo cha 20. Ubavuni zitaangukia 20 na 40 kutoka mbele, fiche pia.

Sasa mshazari, na hapa usiharakishe. Anzia ubavuni, kwa sababu ubavuni peke yake ndiko unakoonekana kwa mwinamo wake halisi. Kutoka kona ya juu kushoto ya sura ya ubavu pima 30 kwenda kulia na 40 kwenda chini, uunganishe alama mbili hizo. Urefu wa mstari huo ni 50 kamili. Upime, ni jaribio zuri la usahihi wa mkono wako. Alama ya chini iko kwenye kimo cha 30. Ivute kwa rula T hadi mwonekano wa mbele: inazaa mstari wa mlalo wa milimita 20 ndani ya ukuta, kwenye kimo cha 30. Wanafunzi wengi husahau mstari huu. Bila huo, mwonekano wa mbele unasema ukuta uko wima mpaka juu. Alama ya juu ishushe kupitia nyuzi 45 hadi kwenye plani: inazaa mstari mwingine wa 20, katikati kabisa ya upana wa ukuta.

Itazame plani uliyoipata. Juu ya ukuta kuna mistatili miwili iliyo sawa kabisa, kila mmoja 20 kwa 30. Wa nyuma ni uso wa mlalo, bapa tupu. Wa mbele ni ule mshazari ulioshuka milimita 40. Plani haiwezi kuitofautisha hata kidogo. Ubavu ndio unaosema. Uso wa mshazari wenyewe una ukubwa wa 20 kwa 50, lakini mbele unaonekana 20 kwa 40, na juu unaonekana 20 kwa 30. Hakuna hata mwonekano mmoja kati ya mitatu unaoonyesha umbo lake la kweli. Kama uso huo ungekuwa na tundu lake, lingechorwa yai mbele na yai kwenye plani, na fundi asingekuwa na mahali pa kulipima. Hapo ungehitaji mwonekano saidizi: bapa jipya lililo sambamba na ule mstari wa 50, ukitoa miale kutoka ubavuni kwa nyuzi 90 kwake. Usiongeze mwonekano kama hauna kazi. Usiuache kama unahitajika.

Maumbo yakishakamilika, ondoa mistari ya ziada kwa kifutio, kisha chukua HB uimarishe. Mistari ya kingo zinazoonekana iwe mizito, mara mbili ya myembamba; 0.5 kwa 0.25, au 0.7 kwa 0.35, ni jozi za kawaida. Kingo fiche huchorwa kwa vistari vifupi vyembamba. Mistari ya vitovu huwa myembamba yenye kistari kirefu na kifupi kwa zamu, ikitokeza kidogo nje ya umbo. Anza na duara, kisha mistari iliyonyooka, kwa kuwa ni rahisi kuupeleka mstari kwenye duara kuliko duara kwenye mstari.

Vipimo huandikwa mwisho, lakini vifikirie kama fundi atakavyovitumia. Mstari wa kwanza wa kipimo ukae kama milimita 10 nje ya umbo, unaofuata mbele yake kidogo. Vistari vinavyotoka kwenye umbo viachane nalo kwa milimita moja hivi, visije vikasomwa kuwa sehemu ya kitu. Andika tarakimu tupu. Taja mara moja kwenye kisanduku kwamba vipimo ni milimita. Kipimo kimoja kiandikwe mahali pamoja, pale kinapoonekana wazi zaidi: 30 na 40 za mshazari ubavuni, kipenyo cha tundu na mahali pa kitovu chake kwenye plani. Usitoe kipimo kwenye mstari fiche ikiwa kuna mwonekano unaoonyesha ukingo huo wazi. Na ukichora kwa skeli ya 1:2, mstari wako utakuwa wa 50 lakini utaandika 100, kwa kuwa kinachoandikwa ni kipimo cha kitu chenyewe.

Kuna kanuni ya kukagua ambayo ningependa kila darasa la ufundi liijue kwa moyo. Maeneo mawili yanayopakana katika mwonekano, yakitengwa na mstari mzito, hayawezi kuwa uso mmoja ulionyooka. Kama mstari upo, kuna badiliko: ama kina, ama mwinamo. Chukua breketi yako. Mbele kuna maeneo mawili: uso wa mbele na mshazari. Kwenye plani kuna matatu: juu ya ukuta, mshazari, na juu ya bamba lenye tundu. Ubavuni kuna mawili: mwisho wa bamba na uso wa ukuta ulio juu yake. Kisha zihesabu nyuso zote za sabuni. Bapa ni tisa, na ukuta wa tundu ni wa kumi. Kila mmoja uutafute katika mionekano mitatu: ama utauona kama eneo, ama kama mstari. Ukikosekana mahali, mchoro una kasoro.

Programu za kompyuta, AutoCAD na nyinginezo, huweza kukutolea mistari safi, na zile za kuunda kitu kwa umbo zima huitoa mionekano zenyewe. Hazikuchagulii upande wa mbele. Haziamui kipimo kipi ni cha lazima kwa fundi, na zisipopangwa zitaweka pembe iliyokuja na programu, si ile inayotumika karakanani kwako. Anayejifunza kwa ubao na rula T kwanza huzitawala baadaye. Aliyeanzia kwenye skrini mara nyingi huamini chochote kinachotokea.

Ukimaliza, mtafute mwenzako ambaye hajaiona breketi. Mpe mchoro, kipande kipya cha sabuni na kisu, na usimwambie neno. Akirudi na swali, usimjibu kwa mdomo. Rekebisha mchoro, umpe tena.